Damu haifiki vizuri miguuni: utembee, uinue visigino, uzungushe pedali au ujilaze kitandani?

Kabla ya kuchagua zoezi, jua kwanza ni mishipa ipi yenye shida. Ateri ndizo zinazopeleka damu miguuni. Zikibana kwa mafuta na kukakamaa, damu inafika kidogo. Vena ndizo zinazoirudisha juu kwenye moyo. Vali zake zikilegea, damu inafika bila tatizo ila haipandi, inatuama chini. Shida zote mbili watu huziita mzunguko mbaya wa damu, na zote mbili huumiza miguu, lakini linalomsaidia mgonjwa wa moja linaweza kumdhuru wa nyingine.

Mwenye shida ya ateri huumwa anapotembea. Shavu la mguu linabana, wakati mwingine paja au tako, mpaka asimame. Akisimama tu, hata bila kukaa, maumivu yanaisha ndani ya dakika chache, mara nyingi 2 hadi 5 na kwa kawaida yasizidi 10. Akianza tena yanamrudia baada ya umbali karibu uleule. Unyayo ni wa baridi, vinyweleo vimepotea, ngozi inang'aa, kucha zinakua polepole. Akilala na kuinua mguu, unyayo unapauka (tazama unyayo wenyewe, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi sehemu ya juu ya mguu haionyeshi vizuri).

Mwenye shida ya vena ni kinyume chake. Asubuhi yuko sawa, jioni mguu ni mzito na umevimba, soksi imeacha mfereji juu ya kifundo, na ngozi ya hapo inazidi kuwa nyeusi. Akiinua miguu anapata nafuu, na akitembea pia anapata nafuu. Huyu mazoezi yake ni rahisi: atembee kwa mwendo wowote unaomfaa, ainue visigino mara nyingi kwa siku, na alale miguu ikiwa juu ya usawa wa moyo dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa siku. Soksi za kubana zinamsaidia, lakini asizivae kabla ateri zake hazijapimwa. Zikivaliwa juu ya mguu ambao damu haifiki, zinaibana hata ile kidogo iliyokuwa inapita, na kidonda kinaweza kuanzia hapo.

Kuna wawili wengine wanaochanganywa na hawa. Neva za mgongo zikibanwa, maumivu huja ukitembea, ila kusimama hakutoshi kuyaondoa, mpaka ukae au uiname. Na miguu inayowaka moto au kufa ganzi usiku, iwe umetembea au hukutembea, mara nyingi ni neva zilizoharibiwa na sukari. Mgonjwa wa sukari anaweza kuwa na ganzi na ateri zilizobana kwa pamoja, na huyo ndiye wa kuangaliwa kwa makini kuliko wote, kwa sababu maumivu yanayopaswa kumwonya huenda asiyasikie.

Kinachomaliza ubishi ni kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na presha ya mkono. Unalala chali dakika 5 hadi 10, unapimwa mikono yote na vifundo vyote kwa kifaa kinachosikiliza damu, kisha ya mguu inagawanywa kwa ya mkono. Jibu la 1.00 hadi 1.40 ni la kawaida. Kuanzia 0.90 kushuka chini, ateri zimebana. Likizidi 1.40 usishangilie: ateri zimekuwa ngumu kiasi kwamba mpira wa presha hauwezi kuzibana, jambo linalotokea sana kwa wenye sukari ya muda mrefu na wenye matatizo ya figo, na hapo inabidi kupima kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa wasomaji wetu wa Moshi, mkoani Kilimanjaro, na vijiji vya juu yake, hospitali ya rufaa ya KCMC ndiyo mahali pa kwanza pa kuulizia. Kwa Arusha, anzia hospitali ya Mount Meru au ya Kilutheri, ALMC. Ulizia kwa simu kabla ya kupanda gari.

Asiyepaswa kuanza zoezi lolote kwa sasa

Kama mguu unauma usiku ukiwa umelala na unapata nafuu ukiuning'iniza kitandani, kama una kidonda cha zaidi ya wiki mbili kisichopona, au kidole kimeanza kuwa cheusi, mazoezi yasubiri. Hapo damu haitoshi hata kwa mguu uliopumzika, na unahitaji daktari wa upasuaji wiki hii. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukafa ganzi na vidole vikakataa kusogea, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Shavu la mguu mmoja likivimba ghafla, likawa la moto na linauma, inaweza kuwa damu imeganda kwenye vena. Usilichue kwa mafuta wala usilifanyie zoezi. Na mwenye kubanwa kifua au kuishiwa pumzi kwa hatua chache apimwe moyo kwanza. Ateri zilizobana miguuni mara nyingi zimebana na kwenye moyo.

Tuseme umepimwa, ni ateri, na hauko katika hao. Njia unazoweza kufanya nyumbani ni hizi:

| Njia | Unachohitaji | Inachoongeza | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Kutembea hadi maumivu, kupumzika, kurudia | Raba, njia tambarare, saa | Umbali wa kutembea, kuliko njia nyingine zote | Milima, matope, kukosa wa kukufuatilia |
| Kutembea kwa raha bila kufikia maumivu | Hivyohivyo | Mwili kuchangamka. Umbali hauongezeki | Unajiona unafanya zoezi kumbe mguu haujaguswa |
| Kuinua visigino, kukaa na kusimama | Kiti kigumu, ukuta | Nguvu za kupanda ngazi na kunyanyuka | Kuanguka, kiti kuteleza |
| Mikono au pedali | Chupa za maji, au pedali za mezani | Pumzi na umbali kwa asiyeweza kutembea | Inachosha mabega, presha hupanda |
| Kuinua na kuning'iniza miguu kitandani | Kitanda, mito | Kwa aliyedhoofu sana. Ushahidi wake ni mdogo | Haijengi misuli |

Ushauri wetu tunauweka wazi mapema: kama miguu yako inaweza kutembea, chagua safu ya kwanza, na safu ya tatu iwe nyongeza. Zilizobaki ni za mwenye sababu.

Kutembea kwa maumivu au kutembea kwa raha

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na si kosa lao. Wanaambiwa tu "tembea tembea mzee", wanatembea, mguu ukianza kubana wanasimama au wanarudi nyumbani wakihofia kuuharibu. Miezi mitatu baadaye hakuna kilichobadilika.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Mary McDermott wa Northwestern University, Chicago, walitoa matokeo ya watu 305 wenye ateri zilizobana waliofuatiliwa mwaka mzima. Kundi moja lilitembea nyumbani kwa mwendo unaoleta maumivu ya kati hadi makali. La pili lilitembea kwa mwendo wa raha. La tatu halikupewa zoezi. Kila mtu alipimwa anafika mita ngapi kwa dakika 6. Waliotembea na maumivu waliongeza wastani wa mita 34.5. Waliotembea kwa raha walipungua mita 6.4, na wasiofanya kitu walipungua mita 15.1. Wale wa raha hawakuwa wavivu, walitembea dakika nyingi. Kilichokosekana ni ule mbano wenyewe.

Sababu yake ni hii. Msuli uliotulia unahitaji damu kidogo, na ateri iliyobana inaweza kuileta hiyo. Ukitembea, shavu la mguu linataka damu mara nyingi zaidi, haiji, oksijeni inapungua, na msuli unauma. Upungufu huo wa muda mfupi, ukirudiwa siku baada ya siku na kufuatiwa na mapumziko, ndio unaoulazimisha mwili kubadilika: msuli unajifunza kuitumia vizuri oksijeni kidogo iliyopo, kuta za mishipa midogo zinatanuka kwa urahisi zaidi, na mwendo wenyewe unakuwa wa gharama ndogo. Maumivu ya aina hii, yanayokuja kwa kutembea na kuisha kwa kusimama, hayauharibu msuli. Ila ujue kwamba ateri iliyobana haizibuki kwa kutembea. Kipimo cha kifundo kikirudiwa baada ya miezi mitatu huenda kikasoma vilevile, na hiyo haina maana kwamba zoezi limeshindwa. Pima umbali.

Namna ya kufanya:

Jipe alama za maumivu kuanzia 1 hadi 5. Moja hakuna kitu. Mbili ndiyo yanaanza. Tatu yapo, lakini bado unaweza kuongea habari nyingine. Nne yamekushika, akili yote iko mguuni. Tano huwezi kuongeza hatua. Anza na dakika 5 za mwendo wa pole, kisha ongeza kasi hadi maumivu yaanze ndani ya dakika 3 hadi 5. Usisimame kwenye 2. Endelea mpaka kati ya 3 na 4, hapo simama au kaa. Subiri yaishe kabisa, yaani urudi kwenye 1, ndipo uanze tena. Rudia hivyo mpaka dakika za kutembea zifike lengo la siku. Dakika za kupumzika hazihesabiwi.

Lengo la wiki mbili za kwanza ni dakika 15 za kutembea kwa siku, siku 5 kwa wiki, na kama 5 ni nyingi basi zisipungue 3. Kila wiki ongeza dakika 5 mpaka ufike 45 au 50. Ukiona unatembea dakika 10 nzima kabla ya kufika 3, mwendo wako umekuwa mdogo: ongeza kasi, au tafuta kijimwinuko. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 4 na ya 6. Usihukumu kabla ya wiki ya 12.

Makosa tunayoyaona sana ni manne. La kwanza ni kuanza tena wakati bado uko kwenye 2: kila mzunguko unakuwa mfupi kuliko uliotangulia na unakata tamaa mapema. La pili ni kukimbilia 5 kwenye mzunguko wa kwanza, halafu siku imekwisha. La tatu ni kutembea na rafiki mwenye maneno mengi. Mkinoga mazungumzo, mwendo unashuka bila kujua. La nne ni kumeza diclofenac ili "kuvumilia zoezi". Dawa hiyo inaweza kuficha maumivu unayoyatumia kama kipimo, na juu ya hapo inapandisha presha na kuzichosha figo, ambavyo wengi wenye ugonjwa huu tayari ni wagonjwa navyo.

Njia yenyewe

Moshi imeegemea mlima. Ukitoka mnara wa saa kuelekea Shanty Town na KCMC unapanda, ukielekea Pasua unateremka kwenda kwenye tambarare. Mwinuko unaongeza sana kazi ya shavu la mguu, kwa hiyo mita 200 za kupanda zinaweza kukuumiza kuliko 400 za bapa. Si vibaya, mradi uzihesabu hivyo. Anayeishi Pasua au Njoro aanze hapohapo mtaani. Anayeishi Kibosho, Uru au Old Moshi, ambako hata kutoka kihambani kwenda dukani ni kupanda na kushuka, atafute uwanja wa shule au wa kanisa, ambao kwa kawaida umesawazishwa, na azunguke kandokando yake. Kwa Arusha, wa Ilboru na Sekei wana shida hiyohiyo ya mwinuko.

Kama huna budi kutumia mlima, anza kwa kupanda, umalizie kwa kushuka. Wanaoanza kwa kushuka hufika chini wakiwa na furaha, kisha miguu inawagomea njia yote ya kurudi, na inabidi waite bodaboda. Kwa sababu hiyohiyo, zunguka karibu na nyumbani badala ya kwenda moja kwa moja mbali, na uwe unajua pa kukaa kila baada ya mita 50 au 100: kigogo, ukuta mfupi, benchi la dukani. Barabarani tembea upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja mbele yako.

Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu unateleza, na kwa mwenye ganzi ya unyayo kuanguka ni hatari kuliko kukosa zoezi la siku moja. Omba ukumbi wa kanisa au wa shule. Veranda ya mita 10 inafaa kidogo tu, kwa sababu kila unapogeuka unapunguza mwendo. Kupiga miguu mahali pamoja ndani ya nyumba kunanyanyua mapaja lakini shavu la mguu linapata kazi ndogo. Juni hadi Agosti baridi ya asubuhi inaibana mishipa zaidi, hivyo subiri jua litoke vizuri, kama saa tatu au nne. Januari na Februari fanya kinyume: kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni.

Umbali wako upime hivi. Chukua kamba ya mita 10, ipime mara tatu kwenye njia tambarare, weka jiwe kila mwisho: hizo ni mita 30. Tembea dakika 6 kwenda na kurudi, upumzike ukihitaji lakini saa isisimame, kisha zidisha idadi ya safari kwa 30 (kwenda ni safari moja, kurudi ni nyingine). Fanya siku ya kwanza, wiki ya 6 na wiki ya 12, saa ileile ya siku na viatu vilevile. Nyongeza ya mita 20 si ndogo, utaisikia kwenye maisha yako.

Visigino na kiti

Wengi wangependa hii iwe ndiyo njia kuu, maana inafanyika sebuleni. Lakini mwaka 2009 timu hiyohiyo ya Chicago ilionyesha mpaka wake. Mazoezi ya nguvu yaliongeza uwezo wa kupanda ngazi na yakasaidia kwenye mashine ya kutembelea, ila umbali wa dakika 6 haukuongezeka, wakati waliotembea kwenye mashine waliongeza. Yafanye, siku 3 kwa wiki, hasa siku usizotembea.

Kuinua visigino: simama nyuma ya kiti kizito au mbele ya dirisha, shika kwa vidole tu. Miguu iachane upana wa nyonga. Panda kwa sekunde 2, tulia 1, shuka kwa sekunde 3. Mara 10 hadi 15, pumzika dakika 1 au 2, rudia hadi seti 3. Kushuka ndiko kunakofanya kazi kubwa, na ndiko watu wanakokuruka: wanadunda juu chini, magoti yanapinda, mwili unaegemea mbele, na mikono inabeba uzito wote. Usifanye kwenye ncha ya ngazi kisigino kikining'inia kabla hujazoea miezi miwili. Kano ya kisigino inachanika polepole, na ikishauma itakuzuia hata kutembea.

Kukaa na kusimama: kiti cha sentimita 43 hadi 45, kiegemee ukuta. Kiti cha plastiki juu ya marumaru kinateleza kurudi nyuma mara tu unapokikalia kwa uzito, tena bila sauti. Kigoda ni kifupi mno, kitakuumiza magoti. Kunja mikono kifuani, miguu rudisha nyuma kidogo ya magoti, simama, kaa taratibu bila kujibwaga. Mara 8 hadi 10, seti 2 au 3. Toa pumzi unapoinuka. Ukiibana, presha inaruka.

Mikono na pedali

Watu hushangaa kusikia kwamba mikono inaweza kuisaidia miguu. Inaweza. Moyo, pumzi na ulaini wa mishipa ni vya mwili mzima, na watafiti wa Sheffield, Uingereza, walipata umbali mkubwa zaidi wa kutembea kwa wagonjwa waliozungusha pedali kwa mikono dakika 2, wakapumzika dakika 2, kwa jumla ya dakika 40, mara 2 kwa wiki. Hii ndiyo njia ya aliyekatwa mguu mmoja, mwenye magoti mabovu, au mwenye kidonda cha unyayo ambacho daktari amekataza kukikanyagia.

Pedali ndogo za mezani ukizipata ni nzuri, ila zifunge kwenye meza zisitembee. Ukizikosa, kaa wima na urushe ngumi mbele kwa zamu, au zungusha mikono, ukishika chupa za maji za nusu lita. Ukizoea, chukua za lita moja na nusu, ambazo ni kilo 1.5 kila moja. Kiwango kiwe kile ambacho unaweza kusema sentensi fupi lakini huwezi kuimba. Mwenye presha isiyotulia asishike uzito, na asipandishe mikono juu ya kichwa kwa muda mrefu.

Baiskeli ya mazoezi ya kukanyaga kwa miguu inakula zaidi mapaja. Kanyaga pedali kwa sehemu ya mbele ya unyayo, si kwa katikati, angalau shavu la mguu lipate sehemu yake.

Kitandani

Hili ni zoezi la zamani la kuinua na kuning'iniza. Lala, weka miguu juu ya mito kwa nyuzi 45 hadi unyayo upauke, dakika 1 hadi 3. Kaa kando ya kitanda, ning'iniza miguu na uchezeshe vidole na vifundo mpaka rangi irudi, dakika 2 hadi 5. Lala bapa, jifunike, dakika 5. Mizunguko 3 hadi 6. Ukipata maumivu makali wakati wa kuinua, ishushe mara moja na ulifute zoezi hili kwenye orodha yako. Linamfaa bibi aliyelala muda mrefu na anaanza upya kusimama. Kwa anayeweza kufika sokoni kwa miguu yake, ni kupoteza dakika ambazo angetembea.

Peke yako, kikundi au hospitali

Kusimamiwa kwenye mashine ya kutembelea mara 3 kwa wiki kwa wiki 12 kunaleta matokeo mazuri sana, na Marekani bima ya serikali ya wazee, Medicare, inalipia vipindi 36 tangu 2017. Kwa anayetoka Rombo au Monduli, nauli ya vipindi 36 peke yake inatosha kumkatisha tamaa. Nyumbani panafaa, kwa sharti moja: awepo mtu wa kukuuliza. Mwaka 2013 timu ya McDermott ilipata kwamba waliotembea nyumbani huku wakikutana kwa kikundi mara moja kwa wiki walitoka mita 357 hadi karibu 400 kwa miezi 6. Mwaka 2018 walijaribu saa ya kuhesabu hatua pamoja na simu za mshauri, mikutano ya kila wiki ikiwa ya mwezi wa kwanza tu, na umbali haukuongezeka. Kwa hiyo fedha ya saa ya mkononi inunulie raba. Kikundi tayari unacho: jumuiya au VICOBA mnaokutana kila wiki. Peleka daftari lenye mistari minne tu: tarehe, dakika za kutembea, mara ulizosimama, alama ya juu ya maumivu. Mtu mmoja alisome kwa sauti.

Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia kipindi kimoja mwanzoni, akuone unavyotembea, na kingine wiki ya 6.

Unyayo na sukari

Raba za mtumba za soko la Memorial, Moshi, zinafaa kabisa ukichagua vizuri. Nenda jioni, mguu ukiwa umetanuka. Ingiza mkono ndani mpaka mbele na upapase kila mshono: kama kidole chako kinakwaruzwa, cha mguu chenye ganzi kitachubuka bila wewe kusikia. Toa soli ya ndani, tazama shimo la kidole gumba la mwenye nacho wa kwanza. Likiwa na kina, rudisha. Ibakie nafasi ya sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Kandambili hazifai, vidole vinakunjamana kuzishikilia na shavu la mguu linafanya kazi isiyo yake. Kagua nyayo kabla na baada ya kila zoezi, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Lengelenge likitokea, hamia kwenye mikono mpaka lipone.

Usipashe miguu kwenye jiko la mkaa wala maji ya moto kabla ya kutembea, hata kukiwa na baridi kali. Vaa soksi mbili nyepesi.

Anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamaidi apime sukari kabla. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale ndizi moja au anywe chai yenye vijiko vinne vya sukari, asubiri dakika 15, apime tena. Atembee na glukosi mfukoni.

Zoezi haliondoi dawa. Dawa ya kupunguza mafuta, ya kuzuia damu kuganda na ya presha ziendelee kama ulivyoandikiwa, na sigara iachwe kabisa, pamoja na ugoro, maana nikotini inaibana mishipa.

Baada ya wiki ya 12

Kama mita zimeongezeka, shuka hadi siku 3 kwa wiki za dakika 40 na usiache. Ukiacha, umbali hupungua tena. Kama umefanya kweli kama ilivyoandikwa na mita zimebaki palepale, au zimepungua, au umbali wa kuanza kuumwa unafupika wiki hadi wiki, chukua daftari lako urudi nalo hospitali. Mwambie daktari umefanya dakika ngapi, siku ngapi, na mita zako tatu za kipimo. Hapo ndipo atakapoamua kama unahitaji picha za mishipa na kama kuipanua kwa puto au kuipitishia njia ya pembeni kutakusaidia, na daftari hilo litamwonyesha kwamba kutembea kumeshajaribiwa.